Kiapo cha Nguva

Ofisi yetu ilikuwa Kacyiru, ghorofa ya pili, na kazi yake ilikuwa bahari. Ukiniuliza bahari na Kigali wapi na wapi, nitakujibu nilivyojibiwa mimi siku ya kwanza: nchi zenye pwani ziligombania ofisi ikae kwa nani, kila moja ikavutia kwake, mwisho wakampa asiye na bahari kabisa ili pasiwe na wa kununa. Ndivyo nilivyojikuta, mtoto wa kisiwani, nikitafsiri kanuni za uvuvi juu ya kilima huku nimevaa sweta.

Nilikwenda huko mwishoni mwa mwaka wa tisini. Vita vilikuwa vimeshaanza upande wa kaskazini, na watu wa kwetu waliniuliza kama nina akili timamu. Lakini kazi ilikuwa ya lugha, na mimi nilisomea lugha. Nilijua na Kifaransa, japo cha darasani. Wanasheria wa ofisini waliandika kanuni kwa Kifaransa na Kiingereza, mimi nikazitia Kiswahili ili mvuvi wa Kilwa au wa Lamu akisomewa aelewe anakatazwa nini.

Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa mkiwa kwa kukosa wa kuzungumza naye habari za maji. Kwetu, kabla hujanywa chai unajua kama maji yanajaa au yanapwa, na kama ni bamvua, yale maji makubwa, au maji mafu. Huna haja ya kuuliza, umeshasikia watu wakipita. Kigali niliamka, nikafungua dirisha, nikaona ukungu umelala mabondeni na vilima vimetulia vilevile kama jana. Hakuna kilichojaa, hakuna kilichopwa. Wiki za mwanzo nilikuwa nikisimama pale dirishani kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua, halafu nakwenda kazini.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa mwanasheria wa hapohapo, mtu mpole, viatu vyake vinang'aa hata siku za tope. Aliponiona nimezubaa alinifariji kwamba bahari hata yeye anaijua, kwani alipokuwa mwanafunzi aliogelea Ziwa Kivu. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Sikulisema hilo kwa sauti, maana ndiye aliyekuwa akitia sahihi likizo zangu.

Nilipanga chumba Nyamirambo, ndani ya ua wa mama mmoja mjane. Nilichagua Nyamirambo kwa sababu kuna msikiti na kuna watu wa Kiswahili, nikidhani nitajiona nyumbani. Kiswahili kilikuwapo, lakini si changu. Cha kwao kilitembea miguu peku, kila kitu kwao "iko," na mimi niliposema "shikamoo" wazee walinitazama kama niliyewadai. Mama mwenye nyumba alikijua Kiswahili cha sokoni, alikokuwa akiuza mtama na maharage miaka mingi. Alikuwa mrefu, mkavu, na anatembea taratibu mno hata mvua ikinyesha. Watoto wake wote walikuwa ng'ambo ya mpaka na hakukuwa na barua. Ukutani kwake alitundika chombo cha mti cha kukamulia maziwa, kitupu, kimepakwa samli mpaka kinang'aa. Baba yake alikuwa na ng'ombe zamani. Ng'ombe hao waliondokaje hakupenda kusimulia, na miaka hiyo hata kusema "baba yangu alikuwa na ng'ombe" mtu alitazama kwanza nani yuko karibu, maana ng'ombe walimtaja mtu kabila lake.

Tuligombana siku ya kwanza kwa sababu ya papa. Nilikuja na papa mkavu kutoka nyumbani, nikamchoma pale uani, na harufu, nakiri, ilikuwa ya mtu asiye na majirani. Alitoka na kitenge kimeziba pua.

"Yewe! Nini imekufa?"

"Ni samaki, mama."

"Samaki? Mana yanjye! Hiyo sufuria isikuje karibu na chombo ya maziwa, unanisikia? Ng'ombe itakauka."

Nilimkumbusha kwamba hana ng'ombe. Akasema hata kama, ng'ombe iko na masikio. Tangu siku hiyo samaki nilimpika nyuma ya choo, na mama yule akawa mtu wangu wa karibu kuliko wote mjini. Sijui ilikuwaje. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa na kitu alichokizoea ambacho mjini pale hakupata wa kuzungumza naye habari zake.

Nyumbani nilimwacha baba peke yake, mama yangu alikuwa ameshafariki. Baba hakujua kuandika, kwa hiyo tulitumiana kaseti. Palikuwa na dereva mmoja wa semi, mtu wa Dar es Salaam, aliyekuwa akileta mizigo Kigali. Akipumzika alikunywa chai mtaani Biryogo na kutukana kona za barabara ya Rusumo, kule mpakani. Yeye alichukua kaseti yangu mpaka Dar, kutoka huko ikapanda boti. Baba alirekodi akiwa ameketi nje, basi nyuma ya sauti yake nilisikia kuku, mtu anayepasua kuni, na maji. Mara nyingi nilirudisha mkanda nyuma si kwa ajili ya maneno, maneno nilikuwa nimeshayajua. Nilikuwa nasikiliza maji.

Baba alikuwa mvuvi wa jarife. Nawaeleza msiotoka pwani: jarife ni wavu wa macho makubwa, wa kunasa papa na samaki aina ya taa, unatandazwa jioni na kufuatwa alfajiri. Hauchagui. Nguva akipita kwenda malishoni ananasa humo, na nguva hana matamvua, anavuta pumzi kama wewe na mimi. Asipopanda juu anakufa ndani ya maji aliyozaliwa. Wakati wa utoto wangu nguva walikuwapo wengi kiasi cha watu kuwa na mazoea nao. Nilipoondoka kwetu, mtoto wa miaka kumi alikuwa hajawahi kumwona.

Kanuni ya kumlinda nguva ilifika mezani kwangu mwaka wa tisini na mbili. Ilikuwa fupi kuliko kanuni nyingi. Jarife marufuku kwenye maji mafupi yenye majani ya baharini, ambako ndiko nguva anakolisha. Kwingineko lisilazwe majini usiku kucha bila mtu. Nyama yake isiuzwe. Na kifungu cha mwisho: mvuvi yeyote ambaye wavu wake utamnasa nguva, awe hai au amekufa, aende mwenyewe kwa ofisa wa uvuvi akaeleze, na akieleza hataadhibiwa.

Niliposoma hicho cha mwisho nilitaka kucheka na kulia pamoja.

Kwetu, mvuvi aliyepata nguva alikuwa anaapishwa. Ni jambo la tangu zamani, na si la kusimulia mbele ya wakwe. Nguva jike ana maziwa kifuani na umbo ambalo watu wanasema ni la mwanamke. Kwa hiyo nyama yake haikuliwa mpaka mvuvi asimame mbele ya wazee, ashike msahafu, aape kwamba hakumwingilia. Nilikuwa mdogo nilipomwona baba akiapa. Alitoa sauti wazi, uso mkavu, na hakuna mzee aliyecheka. Nilipomwuliza mama baba ameapa nini, nilipata mwiko wa mgongoni. Baadaye wazee wale walikufa na kiapo kikafa nao, lakini utani ukabaki. Mtu akisikika tu amepata nguva, pwani nzima inamwuliza harusi lini. Ndiyo maana wavuvi, wakimpata, humkatakata hukohuko majini na kunyamaza.

Kwa hiyo nilisimama kwenye kikao nikawaambia. Niliwaambia kwa Kifaransa, na Kifaransa changu hakikuwa na maneno ya adabu kwa jambo lile. Wanasheria walicheka mpaka mmoja akatoka nje kutafuta maji. Nikasema, kwa hasira sasa, kwamba mvuvi wa kwetu akisikia aje aeleze kuhusu nguva atajua anaitwa kuaibishwa, na hatakuja hata mkimwahidi pepo. Mkubwa wangu alijifuta machozi, akasema ni mila nzuri sana, inaonyesha watu wameshazoea kujieleza mbele ya wakubwa. Kifungu kikabaki. Penye wengi pana mengi, lakini siku ile mengi yote yalikuwa kicheko.

Jioni nilimsimulia mama mwenye nyumba, nikiwa bado nimefura. Alikuwa anapepeta maharage.

"Sasa hiyo kitu iko samaki ama iko ng'ombe?"

"Wazungu wanamwita ng'ombe wa baharini. Anakula majani. Ananyonyesha."

Ungo ukasimama. "Inanyonyesha mutoto yake?"

"Ndiyo, mama."

"Na jina yake nani?"

"Nguva."

"Hapana, hiyo ni kabila. Jina yake. Ile moja ya baba yako ilikufa, ilikuwa inaitwa nani?"

Nilimwambia hakuwa na jina. Akatikisa kichwa. Kwao ng'ombe hupewa jina na kutungiwa sifa, na mtu huziimba sifa hizo mbele ya watu akiwa amenyoosha mikono juu kama pembe.

"Mutu anaua kitu ya maziwa, na hata haiite jina," alisema. "None, sasa mnaapa ya nini? Mngelia." Akaendelea na maharage yake.

Ilipofika wakati wa kuitangaza kanuni, ofisi ikataka isomwe redioni kwa sauti ya mtu wa pwani, ili wavuvi wasione ni maneno ya watu wa mbali. Mtu wa pwani pale ofisini alikuwa mmoja. Nilirekodi kwenye chumba kidogo chenye mazulia ukutani, nikapelekwa kwetu ndani ya mkanda. Nilijua baba anasikiliza redio kila siku baada ya alasiri. Nilijua pia kwamba jarife lake lilikuwa likitandazwa pembeni mwa majani yaleyale. Ni kama nilikuwa natumwa nikampokonye mzee wangu kisu akiwa anakula. Na bado, nasema ukweli, nilifurahi. Zaidi ya mwaka mzima sikuwa nimezungumza na mtu wa kwetu ana kwa ana, na sasa sauti yangu ingefika uani, kwa kuku wale, kwenye maji yale. Nilisoma vizuri sana. Kile kifungu cha mwisho nilikisoma taratibu, kwa heshima, kama mtu anayemwomba mzazi.

Miezi ikapita na hakuna mvuvi aliyekwenda kujieleza popote. Mwaka wa tisini na tatu ofisini waliandika kwamba hali ni nzuri, nguva hawanasi tena. Nilijaribu kusema kwamba nguva wananasa, ila watu wamefunga midomo. Nikaonekana mtu wa fujo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini ukiwa Kacyiru, mbele ya ramani ya bahari iliyobandikwa ukutani, huoni kwamba fimbo haikufika.

Halafu ikaja taarifa moja. Ilitoka kisiwani kwetu: mvuvi mmoja, mtu mzima, amekwenda kwa hiari kueleza kwamba wavu wake umemwua nguva jike. Mkubwa wangu aliniita, akanipiga bega. "Umeona?" Nami nikacheka naye. Nikakaa nikaitafsiri taarifa ile kwa Kifaransa safi, kwenda kwa wakubwa wake, na moyoni nikasema kumbe nilikosea, kumbe wapo watu.

Kaseti ya baba ilifika muda mfupi baadaye. Ilikuwa Jumapili, mvua inapiga mabati, nikasogeza redio kaseti sikioni.

"Assalaam alaikum, mwanangu," baba alisema. "Sie hatujambo. Nna habari, lakini usiifanye kubwa."

Alieleza kwamba alfajiri moja alikuta nguva jike ndani ya jarife, ameshakufa, na mtoto wake anazunguka mtumbwi, anapanda kuvuta pumzi, anazama, anapanda tena. Baba alikuwa na panga. Angemkatakata palepale na hakuna ambaye angejua.

"Ukanijia wewe," alisema. "Ile sauti yako ya redioni. Nikamfunga kamba nikamkokota mpaka pwani, nikaenda kwa bwana samaki. Watu wakajaa. Yule bwana samaki kijana wa bara, hajui mambo yetu, kaniuliza wapi, saa ngapi, kaandika, kanambia haya mzee, nenda. Nami nikabaki nimesimama. Nikamwambia, bwana, mbona huniapishi? Ati aniapishe nini? Basi mwanangu, mie nimelelewa kwamba nguva hafiki pwani bila kiapo. Nikaapa mwenyewe. Kwa sauti. Nilivyoapa zamani uliponiona."

Kuku walisikika, na maji.

"Wakacheka. Wakacheka mpaka wengine wakaketi chini mchangani. Wazee wa kuniambia nimefanya sawa wamekwisha, mwanangu, nimebaki mie. Sasa nikipita watoto wananita bwana harusi. Hata msikitini, nikiingia, nasikia mtu anajikohoza. Bora mama yako hayupo. Lakini sikulaumu, usije ukafikiri nakulaumu. Serikali imesema mengi tangu nipate akili, na mie sikwenda hata mara moja. Safari hii aliyeita ni wewe. Mtu ataitwa na mwanawe, asiitike?"

Mkanda ukaisha upande huo. Sikuugeuza.

Nililia, na sikulia kama msomi. Baba yangu alikuwa mtu ambaye watu wazima walinyamaza akipita. Alikuwa hana shamba la minazi wala nyumba ya mawe. Alichokuwa nacho ni hiyo heshima. Na ilimtoka pale mchangani kwa sababu aliniamini mimi, aliyekuwa mbali, juu ya kilima, nimevaa sweta.

Nilijaribu kumrekodia jibu. Nilianza "Shikamoo baba," nikakwama. Nikarudisha, nikaanza tena, nikasema kanuni ni nzuri na nguva watapona, nikajisikia kama wale wa kikaoni, nikafuta. Mama mwenye nyumba alikuwa anasikia kila kitu kupitia mlango wazi. Mwishowe aliingia, akaketi juu ya kigoda changu bila kukaribishwa.

"Nani alikufa?"

Nikamweleza yote, hadi kiapo, hadi bwana harusi. Ndiye mtu wa kwanza niliyemsimulia habari ile asicheke. Hakutabasamu hata kidogo.

"Mzee yako alifanya vizuri," alisema. "Alireta ile mama mbele ya watu. Hakuificha kama mwizi. Ni ile watu ndio hawakujua kitu ya kusema." Akanyoosha kidole kwenye redio kaseti. "Hiyo mashini inasikia na Kinyarwanda?"

Nikamwambia inasikia kila lugha.

Alinituma nikalete chombo chake cha maziwa ukutani. Alikiweka mapajani. Akafunga macho, nikabonyeza. Kwanza alisema jina, jina refu, ambalo baadaye alinieleza maana yake: yule anayetangulia wenzake majini. Kisha akaanza kumsifu. Sikuelewa zaidi ya maneno machache, maji, maziwa, mtoto. Sauti yake, ambayo kwa Kiswahili ilikuwa ya kugombeza tu, ikawa ndefu na imenyooka. Hakuwa akimwimbia nguva peke yake, hilo hata mimi niliweza kulitambua. Mvua ilikuwa imepungua. Alipofika mwisho mikono yake ilikuwa imenyanyuka juu ya kichwa na chombo kimelala mapajani. Aliishusha haraka, akatazama mlangoni kama kuna mtu.

"Hiyo mutumie mzee," alisema. "Muambie iko na jina sasa."

Mimi niliongeza maneno machache tu. Nilimwambia baba kwamba huyo ni mama ninayekaa kwake, hajawahi kuiona bahari, na amemlilia nguva wako. Dereva wa semi aliichukua kaseti hiyo mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nne. Alilalamika kwamba safari hizo vizuizi vimekuwa vingi barabarani na vijana wanaosimama navyo hawamtazami mtu machoni.

Aprili, mauaji yalipoanza, tulitolewa, sisi wageni, kwa msafara wa magari kuelekea mpakani. Nilipata muda wa kukusanya begi moja. Mama alikuwa amesimama kwenye lango la ua, anatembeza macho barabarani. Nilimwomba twende wote. Alitoa kitambulisho chake kifuani mwa kitenge, akanionyesha pale palipoandikwa kabila, kana kwamba nilikuwa sijui kusoma.

"Na hii? Watanipitisha wapi na hii?"

Nikasema nitasema ni mama yangu.

"Wewe unanuka samaki," alisema. "Hawawezi kuamini." Akanivalisha sweta langu, nililokuwa nimelisahau kwenye kamba, akanisukuma.

Upande wa pili wa mpaka nilimwuliza kila aliyetoka Nyamirambo. Katika kambi nilimkuta mwanamke wa uchochoro uleule, alikuwa akituuzia mkaa. Aliniambia walikuja mchana, na katika ua ule hakutoka mtu.

Nilifika kisiwani majira ya mvua kubwa. Baba alikuwa amekonda lakini mzima. Banda la kuku lilikuwa limezungushiwa jarife lake. Alikuwa akivua kwa mshipi, peke yake, karibu na ufuko. Nilipita naye sokoni nikiwa nimekaza meno, nikisubiri nisikie "bwana harusi" ili nimkamate mtu. Sikulisikia.

Jioni aliniketisha nje akatoa kaseti. Aliniambia aliisikiliza peke yake mara ya kwanza, hakufahamu hata neno. Akaisikiliza tena. Siku moja aliiweka kwa sauti kubwa barazani watu wakipita kutoka msikitini, wakasimama. Mmoja akauliza huyo nani anayelia hivyo, na analia nini. Baba akawaambia ni mama mmoja wa Kigali, anamlilia nguva yule mliyemcheka. Hapana mtu wa kwetu anayejua Kinyarwanda, lakini kilio wanakijua. Tangu hapo, baba alisema, walimwacha.

Halafu akabonyeza, na sauti ya yule mama wa watu ikatoka, yote, pamoja na mvua ya Nyamirambo juu ya mabati. Baba alianza kuimba naye. Alikuwa ameshika kila neno kwa moyo, ameyapinda yote kwa ulimi wa pwani, jina lile refu ameligawa mara tatu apate kulimeza. Alipofika pale pa mwisho alinyanyua mikono, ingawa hakuna aliyemwonyesha. Nilitazama chini.

Alipomaliza aliingia ndani, akarudi na kaseti nyingine, mpya, imefungwa ndani ya kitambaa.

"Nimemjibu," alisema. "Nimemwambia mtoto wa yule nguva yupo, nimemwona malishoni, amekua. Yule mama hajambo?"

Maji yalikuwa yanajaa. Niliipokea kaseti kwa mikono miwili, nikamwambia hajambo, na kwamba nitampelekea.